Siku Horebu Walipomtenga Ithel Beynon

Gazeti la juma lililopita limeandika kwamba ndugu yangu Ithel Beynon, tuliyemzika Jumanne, aliichezea Wales mara tano na alikuwa mshirika mwaminifu wa kanisa la Horebu maisha yake yote. Mara tano ni kweli. Hilo la pili ni uongo, na aliyewapa habari hiyo anajua ni uongo, kwa sababu baba yake alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa siku ile mikono ilipoinuliwa. Mimi shule nilisoma miaka mitatu tu, lakini macho hayahitaji shule. Nilikuwepo.

Ithel alizaliwa hapa hapa Cwm Hesgen, mwaka 1881, mtaa wa juu, nyumba ya tatu kutoka mwisho. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Wakanionyesha, nikasema kichwa chake kikubwa. Kikabaki kikubwa mpaka wamemfunika. Baba yetu aliangukiwa na dari ya mgodi Ithel akiwa na miaka kumi na moja, na mwaka uliofuata Ithel mwenyewe akashuka shimoni na taa yake na mkebe wake wa mkate na jibini. Sisemi hivyo mumwonee huruma. Kila nyumba ya mtaa ule ilikuwa hivyo hivyo, na nyingine zilikuwa na shida zaidi, kwa mfano ya kina Parfitt, ambao baba yao alikuwa hai.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza kitu asubuhi, jibu unaletewa jioni. Na uongo hakuuweza kabisa. Siku moja, akiwa mdogo, aliiba jamu kabatini, na kabla hata hatujaona imepungua akaja kujishtaki mwenyewe, na kijiko mkononi. Mama akampiga kwa wizi, mimi nikampiga kwa ujinga.

Mwili ndio ulikuwa wake. Kila alipotoka kazini alioga kwenye beseni la bati mbele ya moto, lakini mgongo hakuugusa. Wanaume wa hapa mgongo hawauoshi, wanasema maji yanaulegeza. Kwa hiyo Ithel alikuwa mweupe kifuani na mweusi mgongoni, na ule mgongo ndio uliomfanya watu wamjue. Raga yake haikuwa ya kukimbia. Wanaokimbia ndio wanaotajwa. Yeye alikuwa mtu wa skramu: wanaume wanane wanainama na kupachika vichwa, wanane wengine wanafanya hivyo hivyo upande wa pili, halafu wanasukumana kama ng'ombe mlangoni. Shadrach Parfitt, aliyechimba naye makaa na kucheza naye, alikuwa akisema, "Muweke Ithel nyuma ya nyumba yako, kesho utaamka bonde lingine."

Mama yetu, Marged Beynon, hakuwahi kumwona akicheza. Alikuwa mwembamba kama ufagio na utani hakuujua. Kwake raga na pombe ni kitu kimoja, kwa sababu kila mechi, hasa na mahasimu wetu wa Blaen Celyn ng'ambo ya mlima, iliishia baa. Kila Jumamosi alifua jezi ya Ithel, lakini aliikamua kana kwamba ina shingo.

Ndipo ukaja uamsho, ule wa majira ya baridi ya 1904 kuingia 1905. Mabonde yote yalishika moto. Watu waliimba kanisani, waliimba njiani, waliimba wakishuka mgodini. Baa ilikaa tupu mpaka mwenye baa naye akaja Horebu, akatoa ushuhuda kwamba kule kwake amebaki na paka tu. Mimi nilienda kama wengine. Nililia kama wengine. Sijui nililia nini.

Siku moja ya Februari, katikati ya maombi, Mama akasimama. Mwanamke ambaye hata habari ya mvua alikuwa akiisema kwa kifupi. Akafumba macho akaomba kwa sauti: "Bwana, mwanangu umempa mgongo wa kubeba msalaba, naye anautumia kuwasukuma watu wa Blaen Celyn."

Watu wakaangua kilio. Mimi nusura nicheke, Mungu anisamehe. Lakini Ithel akasimama, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola, akasema, "Mbele ya Mungu na mbele ya Mama, naapa sitagusa mpira tena." Na sitaki mtu aniambie alijifanya. Ithel hakujua kujifanya. Jioni ile alimaanisha, kama ambavyo mtu mwenye homa anamaanisha anaposema anasikia baridi.

Baada yake wakasimama wengine kumi na wawili wa timu, mmoja mmoja. Mzee Esay Pugh, mzee wa kanisa na mwenye duka la vitambaa, akafurahi kama ameuza gora zima. Akataka ifanyike mbele ya watu. Jumamosi, saa ambayo mechi ingechezwa, wakawasha moto mbele ya Horebu, jezi zikatupwa ndani, na viatu pia, maana Pugh alisema viatu vya raga ni jezi ya miguu. Timu ya Blaen Celyn hawakuambiwa. Wakashuka kwenye treni na mifuko yao, wakakuta wapinzani wao wamezunguka moto wanaimba.

"Mnaanza kucheza saa ngapi?" akauliza mkubwa wao, Gomer Hopcyn, jitu lenye pengo mbele.

"Hatuchezi tena, tumeokoka," Shadrach akamjibu.

"Nyote kumi na watano?"

"Kumi na watatu."

"Hao wawili wako wapi, tupige nao chai?"

Siku tisa baadaye, Amos Posta akaja anapanda mtaa wetu anakimbia. Amos hakuwahi kukimbia hata mbwa walipomfukuza.

"We Ithel! Ina muhuri wa Cardiff! Fungua!"

"Nimetoka kazini, Amos. Mikono michafu."

"Basi nipe nifungue mimi!"

"Ni barua yangu."

"Barua yako, lakini miguu iliyoileta ni yangu. Nimepanda mlima wote huu, nina haki ya kujua."

Ithel akanawa mikono taratibu, akaifungua. Kamati ya Wales walikuwa wamemwona mwezi Desemba kwenye mechi ya majaribio. Sasa mtu wao mmoja ameteguka bega, na wanamtaka Ithel Swansea, Machi, dhidi ya Ireland. Alete viatu vyake, jezi atapewa.

Nyie ambao hamkuzaliwa kwenye mabonde haya hamtaelewa barua ile ilikuwa nini. Mtu anashuka gizani asubuhi, anatoka gizani jioni, wiki nzima haoni jua, hakuna anayejua jina lake isipokuwa karani anayegawa taa za mgodini. Halafu nchi inamwita. Cwm Hesgen haikuwahi kutoa hata mmoja. Na wa kwanza kuitwa ameshaapa.

Ithel akamtazama Mama. Mama alikuwa anamenya viazi.

"Mama. Umesikia?"

"Nina masikio."

"Nifanye nini?"

"Mimi sikuapa," Mama akasema, na kisu hakikusimama.

Kesho yake Mzee Pugh akaja mwenyewe, kofia mkononi, akakaa kwenye kiti cha baba yetu bila kukaribishwa. "Ithel, kijana wangu, ni jaribu hili. Shetani haji na pembe, anakuja na bahasha. Waandikie ukatae, nami Jumapili nitaisoma barua yako mbele ya kanisa. Fikiria ushuhuda utakaokuwa!"

"Nitafikiri, Mzee."

"Cha kufikiri kiko wapi?"

"Mzee, mimi hufikiri polepole. Nimezoea."

Alifikiri siku nne. Huko chini mgodini Shadrach alimsema kutwa nzima, nikajua baadaye. "Mtakatifu Ithel, nisukumie toroli. Au hilo nalo umeapa?" Ithel akapiga sululu tu. Siku ya nne jioni nilikuwa naosha vyombo, akachukua kitambaa akaanza kufuta sahani, jambo ambalo mwanaume wa mtaa wetu hafanyi mlango ukiwa wazi.

"Dada Nansi," akasema. "Nikikaa nyumbani nitakuja kumchukia Mama. Nikienda, yeye ndiye atakayenichukia."

"Sasa?"

"Afadhali yeye. Ana nguvu kuliko mimi."

Basi ikawa hivyo. Ila viatu hakuwa navyo, vilikuwa majivu. Na Cwm Hesgen nzima haikuwa na kiatu cha raga cha kumtosha, kumi na watatu walikuwa wamevichoma kwa utukufu wa Bwana, na wale wawili waliobaki walikuwa na miguu midogo. Ithel angekwenda kuichezea Wales na buti za mgodini. Nikavaa shali yangu, nikapanda mlima, maili nne kwenye theluji iliyoyeyuka, mpaka Blaen Celyn nyumbani kwa Gomer Hopcyn. Nikamkuta anakula mchuzi wa kondoo na vitunguu, bakuli kama la kumwogeshea mtoto.

"Mimi dada yake Ithel Beynon."

"Najua. Mna kichwa kimoja." Akanionyesha pengo lake. "Hili ni la ndugu yako. Mwaka wa pili sasa natafuna upande mmoja. Amekutuma kuomba msamaha? Hayo ndiyo mambo yenu siku hizi."

"Nimekuja kuomba viatu vyako."

Kijiko kikasimama njiani. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mkewe. "Mama watoto, umesikia? Yule ng'ombe ameitwa Wales."

"Si unamchukia?" mkewe akasema.

"Namchukia sana. Unadhani nataka jino langu liwe limeng'olewa na mtu asiyejulikana?" Akaenda nyuma, akarudi na viatu, amevifunga kamba pamoja. "Mwambie asivirudishe visafi. Nikiviona visafi nitajua alikuwa amesimama tu."

Jumamosi ile ya mechi, asubuhi, Mama aliamka kabla yetu. Nilikuta mkate na jibini na vikeki vya kikaangoni vimefungwa kwenye leso mezani, na yeye amegeukia ukuta anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

"Mama, nakwenda," Ithel akasema.

"Naona."

"Unanibariki?"

"Nimekufungia chakula."

Mimi nilikwenda naye. Sitawaeleza mechi, kwa sababu sikuielewa na mvua ilikuwa inanipiga usoni. Nilichoona ni wanaume wenye matope mpaka kwenye nyusi, na watu maelfu wanaimba nyimbo zile zile tulizokuwa tunaimba Horebu, ila hapa hakuna aliyekuwa analia. Mara moja skramu ilikwama karibu na upande wetu. Nikauona ule mgongo. Nyekundu ya jezi ilikuwa imelowa na kumganda, miguu imechimba chini, Wairishi wanane wanavuma kama fahali, na Ithel hasogei. Kisha akasogea. Mbele. Hatua moja, ya pili, ya tatu, na wale Wairishi wakaanza kurudi nyuma kama mlango unaofunguka. Mzee mmoja kando yangu akauliza, "Yule ni nani?" Nikasema, "Yule ni wetu." Tulishinda. Gazeti lilimtaja mara moja, likakosea jina.

Tuliporudi Cwm Hesgen hakukuwa na mtu stesheni isipokuwa Amos Posta na mbwa. Wengine wote walikuwa Horebu.

Alhamisi kikaja kikao cha washirika. Ithel akaitwa, akaja, akasimama chini ya mimbari. Mzee Pugh akasoma kosa: ameapa mbele ya Mungu, amevunja. Akauliza, "Unajuta kwamba ulicheza?"

"Najuta kwamba niliapa," Ithel akasema. "Sikupaswa kuapa. Kucheza sijutii. Natamani ningejuta, lakini sijutii."

"Wanaokubali kwamba Ithel Beynon atengwe na ushirika wa kanisa hili, wainue mikono."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Pugh akainua wake. Mke wake akafuata. Baba yake yule aliyewapa gazeti uongo akainua. Na wa nne ulikuwa mkono wa Mama. Glavu nyeusi, ya kulia, kidole gumba nilimshonea mwenyewe juma lile. Aliuinua moja kwa moja mpaka juu, kama mtoto anayejua jibu. Baada ya huo, mingine yote ikaja, hata ya wale kumi na wawili, hata ya Shadrach. Wangeanzaje kubakiza mikono chini wakati mama mzazi ameinua? Pugh akauliza waliokataa. Nikainua mimi, na mzee mmoja kiziwi, ambaye nadhani alikuwa amechelewa ile ya kwanza.

Ithel akainamisha kichwa kwa heshima, akatoka.

Nyumbani sikuvua hata shali. "Umeinua mkono kumtenga mwanao."

"Nimeinua juu ya kiapo kilichovunjwa," Mama akasema. "Mwanangu chakula chake kiko motoni, kipakue kisiungue."

Na hivyo ndivyo tulivyoishi. Alimpikia, akamfulia, akamtilia viraka. Hakumsema, hakumwonea. Ila suala lile hakuligusa, na Ithel hakuligusa, nami nililigusa kila siku mpaka nikaolewa nikahama.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Aliyetengwa anaruhusiwa kusikiliza ibada, lakini benchi la nyuma kabisa, chini ya saa, pamoja na walevi na wapita njia. Ithel alikaa pale Jumapili moja. Alipaona mahali pake, pale safu ya saba, patupu kando ya Mama, na Mama hakugeuza shingo. Tangu siku ile hakuingia tena. Lakini Mama magoti yalikuwa mabaya na njia ya Horebu ni mteremko. Kwa hiyo kila Jumapili Ithel alimshika mkono, akamteremsha polepole mpaka mlangoni, akamwachia. Kisha akakaa kwenye ukuta wa nje, mvua au jua, mpaka ibada iishe, akampandisha tena. Miaka minane. Watu walimpita wakiingia, wakamwambia, "Habari za asubuhi, Ithel," naye akajibu. Nilimwambia siku moja, "Huna haya? Unamsindikiza mtu aliyekufukuza?"

"Magoti yake hayakupiga kura, Dada."

Aliichezea Wales mara nne nyingine, mpaka mwaka 1908. Mtu mmoja alikuja kutoka kaskazini ya Uingereza, kule wanakocheza raga ya kulipwa, suti nzuri, akamwita pembeni. Ithel akamuuliza swali moja tu: huko kuna watu wa kumteremsha mama yake kanisani? Mtu akadhani ni utani. Mwaka 1909 jiwe la mgodini likalipiga goti lake la kushoto, na raga ikaishia hapo. Kofia ya Wales, ile yenye kishada wanayopewa walioichezea nchi, Mama aliifunga kwenye karatasi akaiweka kabatini, na haikuliwa na nondo hata mara moja. Hilo nalo nalisema, ingawa sijui linamsaidia nini.

Na wale wengine? Wale kumi na wawili wa moto? Moto ulipoa. Haikufika mwaka na nusu, timu ikarudi. Kwanza Shadrach, eti anawasaidia tu kubeba nguzo. Kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka kumi kati ya wale kumi na wawili walikuwa uwanjani Jumamosi na kwenye kwaya Jumapili. Viapo vyote vile vilivunjika, na hakuna aliyeitwa Alhamisi, maana ungewatenga wote hao, nani angeimba besi? Mzee Pugh mwenyewe nilimfuma nyuma ya uzio anachungulia. Nikamwambia, "Mzee, unatafuta kondoo aliyepotea?" Akasema kofia yake imepeperushwa na upepo. Ilikuwa kichwani.

Aliyebaki nje ni mmoja. Wa kwanza kuapa, wa kwanza kusema ukweli. Na mlango ulikuwa wazi kwake wakati wote, ndivyo walivyosema: asimame tu, aseme, "Najuta kucheza," apokelewe. Maneno mawili. Shadrach alimsihi. "Yaseme tu, we kichwa maji! Sisi tunayasema kila siku na kesho tunacheza!"

"Ninyi mnaweza," Ithel akamjibu, na hakuwa anamtukana.

Mwanzo wa 1913 moyo wa Mama ukaanza kuchoka. Daktari akasema hataona majira ya joto. Miguu ikavimba, akawa hashuki tena ngazi. Nikarudi nyumbani kumuuguza. Siku moja nampa uji, na Ithel anaweka makaa motoni, akamwita.

"Ithel. Ile nafasi yako safu ya saba. Nimeitazama miaka minane."

"Najua, Mama."

"Nataka nikuone umekaa pale kabla sijaondoka. Alhamisi kuna kikao. Nenda ukaseme lile neno."

Nikaweka bakuli chini kwa kishindo. "Mama, unamwomba nini?"

"Sikusemeshi wewe, Nansi."

Ithel akakaa amechuchumaa mbele ya moto, koleo mkononi. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na nilimwona anazeeka pale pale. Mtu huyu maisha yake yote amekuwa na kitu kimoja tu kilicho chake, kwamba hadanganyi. Na mtu pekee anayeweza kumwomba akitoe, ameomba.

"Nitasema, Mama," akajibu.

Alhamisi wakambeba Mama kwenye kiti cha jikoni, Ithel mkono mmoja na Shadrach mkono mwingine, Ithel anachechemea kwa lile goti, mpaka safu ya saba. Nikakaa nyuma yake. Horebu ilikuwa imejaa, habari ilishatangulia, Amos Posta alihakikisha. Ithel akaenda mbele, akasimama pale pale aliposimama miaka minane nyuma. Mzee Pugh, nywele zimekuwa nyeupe sasa, akasugua viganja kwa furaha.

"Ithel Beynon, unajuta kwamba ulivunja kiapo, ukaenda ukacheza?"

"Mimi..." Ithel akasema. Mikono yake mikubwa ilikuwa inaizungusha kofia bila kukoma. "Najuta kuche... Najuta kwamba nili..."

"Ithel!"

Sauti ya Mama. Alikuwa hana pumzi ya kuzima mshumaa, sijui ile aliitoa wapi.

"Usimdanganye Mungu ndani ya nyumba yake. Hujuti. Hukujuta wakati ule, na hujuti leo. Nimekuzaa, nakujua. Nyamaza."

Kanisa zima likageuka. Pugh akamgeukia. "Dada Marged... si wewe mwenyewe uliyemwomba aje atubu?"

"Ndiyo. Niliomba jambo baya. Nimelisikia likisemwa, nikaona ni baya." Akapigapiga benchi kando yake kwa kiganja. "Ithel, njoo ukae."

Ithel akaja. Mbao zililia alipokaa, kama zamani.

"Dada Marged," Pugh akasema, "hajapokelewa. Hatujapiga kura."

"Nani kasema amepokelewa? Amekaa."

"Lakini safu hiyo ni ya washirika."

"Basi njoo umtoe."

Pugh akautazama ule mgongo. Akavitazama viti vya mbele, wazee wenzake wote wakawa wanasoma vitabu vyao vya nyimbo, kimoja kimeshikwa juu chini. Hakuna aliyekuja.

Mimi nilingoja Mama aseme lile lingine. Kwamba ilikuwa kosa kuinua mkono ule. Nilingoja jioni ile, nikangoja wiki tisa zilizobaki, mimi ndiye niliyemgeuza kitandani na kumlisha, na hakusema. Nimemzika na sijamsamehe, na siombi radhi kwa hilo. Ithel yeye alisamehe siku ile ile mkono ulipokuwa bado juu. Mambo yake.

Hakupokelewa kamwe. Kura haikupigwa, si 1913, si baada ya Pugh kufa, si mpaka juzi. Miaka thelathini na minane alikaa safu ya saba bila kuwa mshirika, kikombe cha Bwana kikipita mbele yake naye akimpasia wa pili, na kila mchungaji mpya aliyekuja aliambiwa asiulize.

Lakini jioni ile, Pugh alipoona hana la kufanya, akatangaza wimbo ili kuwe na kelele. Ithel hakuwa ameimba ndani ya Horebu miaka minane, sauti ilikuwa imeshuka. Akaanzisha chini mno, chini kabisa, kama mtu anayeimba kutoka shimoni, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, ikabidi kanisa zima limfuate.